Waya Hauna Ukwe

Baba mkwe wangu ameniona uso mara nne tangu niolewe, na mara zote nne ilikuwa bahati mbaya. Mara ya mwisho nilijikwaa na beseni la vyombo mlangoni kwake, akafungua kuangalia ni nani kafa. Alipoona ni mimi na sufuria zake, aliufunga mlango taratibu na kurudi kwenye kiti. Siku ya harusi siihesabu, kwa sababu nilikuwa nimefunikwa shela.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa Mbeya kwa Wanyakyusa, na katika ukoo huu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami wala hamsemeshi. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Jirani yetu hapa Ilomba anakula meza moja na mkamwana wake na wanagombania rimoti. Kwetu haikulegea hata uzi mmoja. Mzee akikohoa getini, mimi natokea mlango wa nyuma. Akitaka kuniambia neno anamwambia mama mkwe, na mama mkwe asipokuwepo anawaambia kuku, kwa sauti ya kunifikia: nyie kuku, mwambieni huyo wa jikoni mlango wa stoo uko wazi. Nami nawajibu kuku kwamba nimesikia.

Hayo hayakuwahi kuniudhi. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikazoea, na kuna siku nilishukuru, maana mimi nina mdomo mwepesi na ukuta umeniepusha na mengi. Kilichoniuma ni kingine. Nina kibanda Mwanjelwa ninakotengeneza redio, amplifaya na spika, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu kabla sijaolewa. Makanisa yananiletea vyombo kutoka mbali. Lakini mzee, wageni wakimuuliza habari za mke wa mwanawe, alikuwa akijibu kwamba ana kibanda huko Mwanjelwa, anauza-uza vitu. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Siuzi kitu! Sijawahi kuuza hata kiberiti. Na asingekuwa yeye ningepuuza, ila mzee huyu alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi kwa nusu ya maisha yake, kisha akalihamishia kanisani, na sijakutana na mtu mwenye masikio kama yake. Sikutaka anitazame, sikutaka anisemeshe. Nilitaka siku moja aniite fundi.

Mwaka juzi, kabla ya sikukuu ya mavuno, kaka yangu alinipigia simu kutoka Iringa. Yeye ni mkulima wa mahindi na mpiga besi wa kwaya ya usharika wetu wa nyumbani. Alitaka besi yake ikwaruze kidogo, iwe na ule ukali ambao wapigaji wa mijini wanaupata kwa kukanyaga kisanduku kinachoitwa pedali. Pedali alikuwa nayo, lakini ilikuwa inakula betri, tena zile za mraba ambazo kwao hazipatikani, na ilishamzimikia katikati ya ibada ya Pasaka. Akaniambia kama kweli mimi ni fundi nimtengenezee isiyokula.

Inawezekana. Pedali isiyo na betri haiongezi nguvu yoyote. Inachukua ile nguvu ndogo inayotoka kwenye gitaa na kuikata vichwa. Ndani yake kuna dayodi mbili, vidude vidogo kama punje ya mchele, na sauti ikipanda kupita kiasi vinaikata juu na chini. Huko kukatwa ndiko kukwaruza. Dayodi zinazofaa ni zile za kioo zilizokuwa kwenye redio za zamani, kwa hiyo nilikwenda Mbalizi siku ya gulio, nikapata redio mbovu tatu na kuzichinja. Kwa kasha nilitumia kopo la dawa ya viatu. Kaka hakuwa ameagiza uzuri.

Shida ilikuja kwenye kujaribu. Kazi yangu ya kila siku ni kuondoa mikwaruzo. Mtu analeta spika inayokoroma, mimi naitibu, anaondoka nayo kimya. Sasa nikawa nimekaa kibandani, naipiga besi ya mteja kwa kidole kimoja, naikwaruzisha kwa makusudi. Mama mmoja aliyekuwa amekuja na redio yake alisimama, akasikiliza, akaikumbatia redio na kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Halafu masikio yangu yenyewe hayakunisaidia, kwa kuwa kila nikisikia mkwaruzo mkono unataka kuuondoa. Kinyozi hajinyoi. Nilihitaji mpiga besi wa kweli, na mpiga besi wa kweli alikuwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Nilimweleza mama mkwe wakati tunachambua mboga. Akasema nimwachie. Jioni nilimsikia sebuleni akimbembeleza mzee kwa Kinyakyusa, na mzee akinguruma, nikajua nimekataliwa. Mama mkwe alirudi jikoni akicheka peke yake.

"Anasema hawezi kukaa na wewe," akaniambia, "lakini waya hauna ukwe."

Basi ndivyo tulivyofanya. Jiko letu liko nje, upande wa pili wa ua. Mzee alikaa sebuleni na gitaa lake, na waya ukatoka kwenye gitaa, ukapita dirishani, ukavuka ua chini ya kamba ya nguo, ukaingia jikoni kwangu penye pedali. Waya mwingine ukatoka kwenye pedali, ukarudi njia ile ile hadi kwenye amplifaya yake pembeni ya kochi. Sikuwa na waya mrefu kiasi hicho, kwa hiyo niliunganisha vipande vya nyaya za mikrofoni za zamani, nikavifunga utepe mweusi. Kuku waliuruka siku ya kwanza, siku ya pili wakawa wanautembelea.

Jumamosi nne tulifanya kazi hivyo, alasiri, mzee akishaamka. Alipiga, nikasikia kupitia dirishani, akasema neno, mama mkwe akavuka ua kunieleza. Mkalimani huyu alikuwa na tabia zake. Mzee angeweza kuongea dakika tatu nzima kwa hisia, mikono ikipunga hadi nikakiona kivuli chake kwenye pazia, halafu mama mkwe anafika jikoni na kusema, "Anasema bado." Nami nikikasirika na kujibu kwamba kama anaona rahisi aje achomelee mwenyewe, nilimsikia akifika sebuleni na kusema mtoto anashukuru kwa maelekezo.

Yaliyonifikia yalinitosha, hata hivyo. Jumamosi ya kwanza alisema hii ni sauti ya ng'ombe mwenye mafua. Nikabadilisha dayodi. Jumamosi ya pili alisema ng'ombe amepona, ila sasa yuko mbali sana. Kweli, pedali isiyo na betri hupunguza sauti, ikabidi tuifungue zaidi amplifaya yake. Kisha nikamletea amplifaya nyingine ya kibandani, kubwa, na kaka akanitumia kwa basi gitaa la kwaya, lile lenye betri ndani yake. Hapo mambo yakachanganyika. Gitaa la mzee, ambalo halina betri, lilikwaruza pale tu alipokung'uta nyuzi kwa nguvu, na akigusa polepole linatulia. Lile la kwaya lilikwaruza hata akilitazama. Nilipunguza, nikaongeza, nikapunguza. Vidole vilinuka risasi ya kulehemu hadi kwenye ugali.

Jumamosi ya tatu mama mkwe alikwenda msibani, tukabaki sisi na waya. Nilidhani siku imekufa. Nikasikia mzee anapiga nyuzi mara moja, ananyamaza. Nikageuza kitufe kulia. Akapiga tena mara moja, kwa hasira. Nikageuza kushoto. Akapiga mara mbili, laini. Nikaendelea kushoto hadi akapiga mara tatu mfululizo na kuingia moja kwa moja kwenye wimbo wa zamani wa dansi, mtamu, akaucheza wote. Nilisimama jikoni na bisibisi mkononi nikitikisa kiuno peke yangu. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi kwenye harusi yangu, na mume wangu anajua, nimeshamwambia.

Jumamosi ya nne tulijaribu magitaa yote mawili kwenye amplifaya zote mbili, na mzee akasema inatosha. Mkwaruzo ulikuwa mnene, wa mviringo, kama koo la mzee mwenye afya aliyeamka asubuhi na kusafisha sauti. Mama mkwe alivuka ua na ujumbe wa maneno mawili: "Anasema imeiva." Sikuambiwa mengine. Wiki ile ile alikuja mgeni, akauliza habari zangu, na mzee akajibu ana kibanda huko Mwanjelwa. Nililala na hasira. Nikajiambia ikishasikika Iringa, kwaya nzima ikaisifu, habari zitamfikia na atakosa pa kukimbilia.

Nilifika nyumbani Iringa Ijumaa. Sikukuu ilikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi kanisa lilikuwa limeanza kujaa magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu chini ya benchi la mbele, na kwaya ilikuwa imesimama kwa mazoezi ya mwisho. Kaka alikuwa ameshawatangazia wote. Dada yangu, fundi wa Mbeya, ametengeneza mwenyewe, tena haili betri. Alilitoa kopo kwenye mfuko wangu, akaliinua kwa mikono miwili kama sadaka, akaliweka sakafuni, akachomeka gitaa, akakanyaga.

Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa nyembamba na kali, nyuki ndani ya debe. Wanakwaya wa mbele waliziba masikio. Kuku mmoja chini ya benchi alijibu. Kaka alikanyaga tena kuizima, akakanyaga kuiwasha, nyuki wakarudi. Mwalimu wa kwaya, mwanamke mpole asiyependa kumwaibisha mtu, alisema labda kesho tutumie besi ya kawaida tu, na pedali tuiache ipumzike na safari. Kaka alicheka pamoja na wengine. Lakini mimi namjua kaka yangu, alicheka huku akitazama viatu vyake.

Niliomba nusu saa. Nikafungua kopo, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikakagua maungio, yako sawa. Gitaa lilikuwa lile lile la kwaya, lililokuja Mbeya na kurudi. Nikadhani ni amplifaya ya kanisa, tukaazima nyingine kwa kijana jirani anayepiga muziki wa harusi. Nyuki wale wale. Nikageuza kitufe pande zote. Nilitokwa na jasho kwenye baridi ya Iringa, na kichwani nilikuwa namsikia mzee akiwaambia wageni anauza-uza vitu, na kwa mara ya kwanza nikafikiri labda ni kweli.

Nikatoka nje, nikapiga simu ya mama mkwe. Nilitaka amuulize mzee, basi, kama tulivyozoea. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, pakawa kimya. Nikasema, "Mama?" Upande wa pili mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Nimekikimbia kwa miaka kumi na minne. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe chekundu, nikakizuia. Kuna methali inasema mficha uchi hazai. Si ya kumtamkia baba mkwe, lakini nilijiambia kimoyomoyo. Nikageuka nikautazama ukuta wa kanisa, nikasema kwa sauti kwamba kama kuna kuku hapo sebuleni, wamwambie mwenye nyumba pedali imegoma, inalia kama nyuki, na mimi nimeshindwa kujua kwa nini.

Nikasikia kiti chake kikilia. Halafu sauti, nzito, karibu kabisa na sikio langu, mahali ambapo haijawahi kuwa:

"Hebu wapige nisikie."

Alikuwa hasemi na kuku. Nilirudi ndani mbio, nikaiweka simu kwenye kiti mbele ya amplifaya, nikamwambia kaka apige. Alipiga. Nikaichukua simu. Mzee akaniuliza nimegusa nini ndani ya kopo, nikasema sijagusa. Akauliza gitaa, nikasema ni lile lile. Akauliza tena:

"Sasa waya hapo una urefu gani?"

Nikatazama sakafuni. Kutoka kwa kaka hadi kwenye kopo ni hatua mbili, na kutoka kwenye kopo hadi kwenye amplifaya ni hatua mbili. Nikasema mita mbili, tatu. Sikumaliza. Nilikaa chini palepale kati ya magunia, nikaanza kucheka, na nadhani nililia kidogo pia.

Waya mrefu hula sauti. Kila fundi anajua, mimi mwenyewe nimewaeleza wateja mara ngapi. Sauti nyembamba ndizo zinazoliwa kwanza, zile kali za juu, zinabaki nene. Pedali yenye betri ina nguvu ya kusukuma, haijali sana. Isiyo na betri haina pa kujitetea. Jumamosi nne nzima sauti ya mzee ilikuwa inavuka ua mara mbili, ikipita chini ya nguo na juu ya kuku, na waya ulikuwa unaichuja kila hatua. Mimi nilihesabu dayodi, nikahesabu vitufe, nikayahesabu magitaa na amplifaya. Waya sikuuhesabu, kwa sababu kwangu haukuwa sehemu ya mtambo. Ulikuwa sehemu ya adabu.

Ningekuwa kibandani ningeweka kapasita moja ndogo kama dengu ikafanya kazi ya ua mzima. Lakini kapasita zangu zilikuwa Mwanjelwa. Nikamwambia mzee nahitaji waya mrefu. Akasema kanisa gani halina waya wa mikutano ya nje, uliza. Nikauliza. Ulikuwa stoo, bunda zima la waya wa mikrofoni, limejaa vumbi. Chuma cha kulehemu nilikuwa nacho kwenye pochi, sisafiri bila hicho. Nikachomelea vichwa vyake, mzee akiwa bado kwenye simu, akiniuliza kila baada ya muda tumefika wapi, nami nikimjibu. Bunda tuliliacha limeviringwa nyuma ya kiti cha kaka. Hatukuwa na haja ya kumtoa kaka nje ya kanisa ili waya unyooke, ingawa kwa alivyocheka na wenzake nilifikiria.

Akakanyaga. Nyuki walikwisha. Ikatoka ile sauti yetu ya Ilomba, nene na ya mviringo, ikapita sakafuni hadi kwenye visigino. Mwalimu wa kwaya aliinua mikono tu na kwaya ikaingia, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na besi ya kaka chini yao wote ikiwabeba. Waliimba wimbo mzima wa mavuno. Nilikuwa nimeishika simu mbele yangu kwa mkono ulionyooka, na mkono ulipochoka niliushikilia kwa mwingine.

Wimbo ulipoisha nikairudisha sikioni. Nilidhani ameshakata.

"Fundi," akasema, "hao sauti ya tatu wanachelewa kuingia kwenye kiitikio. Waambie."

 Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kwa neno lile, nimepanga hata nitakavyojifanya sikulisikia, na sasa limekuja limebeba lawama ya watu wengine, kana kwamba amekuwa akiniita hivyo tangu zamani.  Nikasema, "Nimesikia, baba." Na hilo nalo sikuwa nimewahi kulisema likamfikia.

Nikawaambia sauti ya tatu kwamba wanachelewa. Walinuna. Mwalimu wa kwaya aliuliza, kwa upole wake, ni nani huyo kwenye simu mwenye masikio ya namna hiyo. Nikasema ni baba. Kaka yangu, ambaye tulishika majembe pamoja siku ya kumzika baba yetu, aliniangalia sana, kisha akainamia gitaa na kujifanya anakaza uzi. Mwalimu akainua mikono tena. Sauti ya tatu wakarudia kiitikio, na safari hii waliwahi.